Programu Iliyozinduliwa na Serikali Nzima

Nchi ninayoisimulia haipo. Mtu akikuambia amewahi kuishi huko, mpe pole, halafu muulize alitokaje. Mimi naijua vizuri kwa sababu nilikuwa mshereheshaji wake mkuu. Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti kila kilipozinduliwa kitu, na nchini kwetu hakuna kitu kilichopata kutumika bila kuzinduliwa kwanza.

Tulizindua mabomba, kisha tukazindua maji yatakayopita humo, na maji yalipochelewa tukazindua subira ya wananchi. Tulizindua ngazi ya kupandia jukwaa kabla hatujapanda kulizindua jukwaa lenyewe. Niliwahi kumkaribisha Waziri wa Afya azindue kitasa cha mlango wa zahanati, na hotuba yake ikawa ndefu hata mama mjamzito aliyekuwa akisubiri mlango ufunguliwe akajifungulia chini ya turubai letu. Kwa kuwa Waziri alikuwa bado na mkasi mkononi, mtoto naye akazinduliwa.

Mila hiyo ilikuwa na sheria yake, Sheria ya Jina na Jambo. Ilikuwa fupi: kila kinachozinduliwa kitaitwa kwa jina la aliyekizindua, kikisifiwa amesifiwa yeye, kikiondolewa ameondolewa yeye. Nusu ya kwanza ilipitishwa kwa vigelegele. Nusu ya pili iliongezwa na mwandishi wa sheria kwa sababu aliona sentensi inachechemea mwishoni, na hakuna aliyeiogopa. Kwetu hakuna kitu kinachoondolewa. Vitu huozea palepale vilipozinduliwa, na waliovizindua vilevile.

*

Kabla ya programu kulikuwa na zulia, na bila kulielewa zulia hutaelewa kilichofuata.

Mtukufu Kiongozi wetu alikuwa aende kuzindua nyumba ya mapumziko ya viongozi ukingoni mwa bwawa kubwa. Mvua ilikuwa imenyesha sana milimani, bwawa limejaa, na maji yakawa yanalamba pindo la zulia jekundu alilotandikiwa. Waheshimiwa watatu walikuwa wametangulia kumpokea. Mheshimiwa Bakilana Tunguu, Waziri wa Maji, akaagiza milango yote ya bwawa ifunguliwe kwa mara moja. Mheshimiwa Shebughe Kalonzi, Waziri wa Fedha, akamuunga mkono, kwa kuwa zulia lenyewe lilikuwa la kuazima. Profesa Lwambano, Waziri wa Sayansi, akatoa maelezo ya kitaalamu kwamba maji hufuata mteremko, hivyo yataondoka yenyewe.

Yaliondoka. Chini ya mteremko huo palikuwa na mji uitwao Kwa Mshale, na siku hiyo ilikuwa siku ya gulio.

Mjini makao makuu, kwenye Idara ya Mito, alikuwepo mtaalamu mmoja wa maji aitwaye Daktari Nambua Mfinanga. Aliona kwenye mitambo yake kwamba mto umepanda ghafla, akapiga simu bwawani. Simu ilipokewa na afisa itifaki.

"Waheshimiwa wako kwenye zulia, binti. Piga baada ya dua."

Akapiga tena.

"Dua ndiyo kwanza inaanza," afisa itifaki akasema, na akakata.

Mama yake Nambua, Bi Namsifu, alikuwa fundi cherehani pale Kwa Mshale. Walipompata alikuwa ameikumbatia cherehani yake, na uzi ulikuwa bado umo kwenye sindano. Waliokufa pamoja naye sitawahesabu hapa, maana serikali haikuwahesabu na mimi nilikuwa mtumishi wa serikali.

Tume iliundwa. Baada ya kusikiliza pande zote isipokuwa ule wa wafiwa, iliona kwamba mwenye kosa ni mto. Mto ukahukumiwa kunyang'anywa jina. Mheshimiwa Tunguu aliwafariji wananchi kwa kuwakumbusha kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kisha ardhi ya Kwa Mshale ikatangazwa kuwa hatari kwa wanyonge, na ili isikae bure ikagawiwa watu wenye uwezo wa kuvumilia hatari. Waheshimiwa wetu watatu wakajenga pale majumba yenye nguzo, bustani zikishuka hadi mtoni. Walionusurika wakahamishiwa juu ya kilima, kwenye mahema, na kila asubuhi wakitoka nje kitu cha kwanza kukiona ni yale mapaa.

Nambua alimzika mama yake, akarudi kazini, akanyamaza. Watu wakasema amesamehe. Watu wanapenda sana kusema hivyo juu ya mtu aliyenyamaza. Mimi nilimwona siku moja akimpisha Mheshimiwa Tunguu kwenye korido, amemwinamia kwa heshima zote, na nilijua kwamba hajasamehe hata chembe.

*

Sasa wasomi wa nchi za mbali walisikia kwamba kuna taifa ambalo mto umehukumiwa. Wakatuonea huruma, wakatutumia bure programu ya kompyuta ya kutabiri mafuriko. Unaiambia mvua iliyonyesha milimani na kina cha mto, nayo inakuambia maji yatafika wapi na lini. Baraza la Mawaziri likakutana kuijadili. Nami nilikuwepo, kwa sababu vikao vya Baraza navyo vilikuwa vikizinduliwa.

"Daktari Nambua," akasema Profesa Lwambano, "kuisakinisha hii kwenye kompyuta yetu kutachukua muda gani?"

"Nikianza sasa, Profesa, nitamaliza kabla ya chai."

Chumba kizima kikanuna. Jambo linalokwisha kabla ya chai halina picha wala posho. Nambua aliwatazama usoni mmoja mmoja, na naapa nililiona wazo likimwingia pale pale.

"Ila haisimami peke yake," akaongeza. "Chini yake inataka programu nyingine. Kuna ya kupiga hesabu, kuna ya kuchora ramani, kuna ya kusoma vipimo vya mto. Na hizo nazo kila moja inataka za kwake chini. Ni kama pilau, waheshimiwa. Huwezi kusema unapika mchele tu."

"Ziko ngapi?" akauliza Mheshimiwa Kalonzi.

"Thelathini na kitu."

"Zote ni za lazima?"

"Ikikosekana moja tu, ile kubwa haiamki."

Mheshimiwa Tunguu akavua miwani yake. "Kwa hiyo," akasema polepole, "katika nchi hii kuna mambo thelathini na kitu ambayo hayajazinduliwa."

"Sikuwa nimelitazama hivyo, Mheshimiwa," Nambua akajibu. "Lakini ni kweli kabisa. Itakuwa aibu ziingie kwenye mashine ya serikali kimyakimya kama wezi. Kila moja ipate mgeni rasmi, na ipewe jina lake kwa mujibu wa sheria."

"Na ile kubwa?"

"Ile ni ya Mtukufu mwenyewe. Nani mwingine?"

Wakapiga meza kwa furaha. Mheshimiwa Kalonzi alisema tangu awe waziri hajapata kumsikia mwanasayansi mwenye akili timamu kama huyu.

*

Ukafuata msimu mtamu kuliko yote kwa wakodishaji wa maturubai. Kompyuta ya Idara ya Mito ilivishwa mashada ya maua, ikawa inabebwa juu ya machela kutoka wilaya hadi wilaya. Naibu waziri alibonyeza kitufe, mstari wa kijani ukaanza kusogea kwenye skrini, na wananchi wakatakiwa kusimama kwa heshima mpaka ufike mwisho. Mahali pamoja intaneti ilikatika mstari ukiwa katikati. Bendi ya polisi haikuwa na maagizo mengine, ikaendelea kupiga wimbo wa taifa mpaka mpuliza tarumbeta akaanguka.

Manaibu walichukua programu ndogondogo, wakaridhika. Taabu ilikuwa kwa wakubwa. Nambua aliwaeleza kwamba programu hurekebishwa mara kwa mara, na kila inaporekebishwa hutolewa toleo jipya lenye namba kubwa zaidi. Zile zinazofanya kazi pamoja lazima ziwe za matoleo yanayoelewana, naye alikuwa ameshachagua yanayoelewana. Alilisema hili kwenye kipaza sauti changu, mbele ya kamera za televisheni ya taifa.

Profesa Lwambano, aliyepewa ile ya kupiga hesabu, akauliza toleo lake ni namba ngapi. Akaambiwa la sita.

"Kuna kubwa zaidi?"

"Lipo la tisa, Profesa, lakini halijakamilika. Waliolitengeneza wenyewe wanasema ni la majaribio, lisitumike kwa kazi ya kweli."

"Mimi ni profesa," akasema. "Siwezi kuwa wa sita darasani."

"Toleo hilo halitaelewana na za wenzako, Profesa. Nimeonya."

Akapewa la tisa, akapigiwa vigelegele.

Mheshimiwa Kalonzi, aliyepewa ile ya kuchora ramani, alipata taabu nyingine. Alipoambiwa kwamba programu yake itasimama juu ya programu nne zilizozinduliwa na manaibu, uso ulimvimba.

"Wizara ya Fedha haisimami mgongoni kwa naibu," akasema. "Wengine wote ndio wanaosimama juu yangu. Ziondoe hizo nne chini yangu."

"Zilishazinduliwa, Mheshimiwa, siwezi kuziondoa. Lakini naweza kuiweka yako mbali nazo, isizifikie. Ila itakuwa inaning'inia. Nimeonya."

"Ining'inie," akasema. "Tai huning'inia angani."

Wa mwisho alikuwa Mheshimiwa Tunguu, na ya kwake ndiyo ile ya kusoma vipimo vya mto. Nambua alikuwa amemwandalia toleo la nane.

"La nane?" akauliza Mheshimiwa, akageukia umati apate mashahidi. "Mtu mzima na mvi zangu, nije kuzindua kitu cha nane? Kuna la kwanza?"

"Lipo, Mheshimiwa. Ni la zamani sana. Halijui hata kwamba siku hizi vipimo vinakuja kwa mtandao. Nakuomba usilichukue. Toleo hilo halitaelewana na za wenzako. Nimeonya."

Mheshimiwa Tunguu akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hebu ngoja," akasema. "Wewe si ndiye yule wa simu? Yule aliyekuwa akipiga piga bwawani siku ya Mtukufu?"

"Ndiye mimi, Mheshimiwa."

"Enhee. Hata siku ile ulikuwa na wasiwasi hivihivi." Akacheka, na turubai zima likacheka naye, maana kwetu waziri akicheka watu hawaulizi kinachochekesha. "Punguza presha, binti. Nipe la kwanza."

Nambua alishika kiti kwa mkono mmoja, akasubiri kicheko kiishe, kisha akamsogezea kitufe. Mimi nilikuwa nimezoea kuwachukia wakubwa wetu kwa jumla jumla, kama watu wote. Tangu dakika ile nilimchukia Tunguu peke yake, kwa jina lake kamili.

*

Siku kuu ikafika. Uwanja wa taifa ulijaa, na skrini kubwa ikasimamishwa mahali ambapo kwa kawaida hukaa goli. Waziri wa Utamaduni alikuwa amedai kwamba mashine ya serikali isiongee lugha ya wageni, kwa hiyo Nambua alikuwa ameutafsiri ujumbe wote wa mashine kwa Kiswahili fasaha, wenye herufi kubwa ili hata waliokaa juu kabisa wasome. Alisifiwa sana kwa uzalendo huo.

Mtukufu Kiongozi alizungumza kuhusu sayansi. Alisema sayansi ni kitu kizuri, na kwamba yeye binafsi aliifikiria tangu utotoni. Alisema mataifa makubwa yana programu, nasi sasa tunazo thelathini na kitu, kwa hiyo wenye macho wajilinganishe wenyewe. Kisha akakalia kiti chake cha enzi mbele ya kompyuta, akabonyeza kitufe ili programu kubwa ipande juu ya zile nyingine zote.

Skrini ikawaza kidogo. Halafu ikaandika:

TUNGUU NI YA ZAMANI MNO. HAIELEWI INACHOAMBIWA. ILI KUENDELEA, ONDOA TUNGUU. NDIYO / HAPANA.

Mtukufu aliisoma mara mbili.

"Daktari," akasema Mtukufu, "inasema nini hii?"

"Inasema programu aliyoizindua Mheshimiwa Tunguu haipatani na hizi nyingine, Mtukufu. Ikiondolewa tutaendelea."

"Isipoondolewa?"

"Tutakaa hapahapa."

Mtukufu akalitazama jua, kisha akatazama upande wa hema la chakula, ambako mbuzi alikuwa ameshaiva. "Basi iondoe."

"Mimi siwezi, Mtukufu," Nambua akasema, akaongea karibu na kipaza sauti changu ili sheria isikike vizuri. "Kwa Sheria ya Jina na Jambo, jambo likiondolewa ameondolewa pia aliyelizindua. Mimi ni mtumishi mdogo. Kumwondoa Waziri ni kazi ya kidole chako wewe tu."

Mheshimiwa Tunguu alikuwa ameshasimama. "Mtukufu, hii ni programu tu. Ni vitu vya kompyuta."

"Ulipopigiwa makofi ulisema ni wewe," Mtukufu akamjibu, na akabonyeza NDIYO.

Maafisa itifaki wawili wakamjia. Hawakujua utaratibu wa kumwondoa waziri, maana haujawahi kutokea, kwa hiyo wakambeba pamoja na kiti chake. Alipita mbele yangu amekaa vilevile, mikono mapajani kama mtu anayepigwa picha. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi. Nambua hakutabasamu. Alikuwa ameikazia macho skrini.

KALONZI HAINA KITU CHINI YAKE. INANING'INIA. ONDOA KALONZI.

Mheshimiwa Kalonzi alisema mfumo huo ni wa kibeberu. Akabebwa.

LWAMBANO HAIJAKAMILIKA. INATANGAZA MAJIBU KABLA YA KUPIGA HESABU. ONDOA LWAMBANO.

Profesa alijaribu kuueleza uwanja kwamba kisayansi kutokamilika ni dalili ya kukua. Alikuwa bado anaeleza kiti kilipoinuliwa, na sauti yake tukaisikia ikififia kwenye mlango wa wachezaji. Juu kule, kwenye viti vya jua kali, walikokalishwa watu wa kilimani, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Hakurudia. Alikaa chini akajifunika uso kwa khanga.

Hapo mambo yangeweza kuishia, lakini mashine ilikuwa na habari zaidi. Programu zile tatu zilikuwa zimeshaziharibu nyingine nyingi njiani. Ikaandika kwamba programu ya Waziri wa Ardhi inagongana na ya Waziri wa Nyumba, aondolewe mmoja kati yao, na mawaziri hao wawili, waliokuwa wameoa mtu na dada yake, wakaanza kunong'ona masikioni mwa Mtukufu kila mmoja akimchagua mwenzake. Akawaondoa wote wawili, kwa usawa. Ikaandika kwamba ya Waziri wa Polisi inaisubiri ya Waziri wa Mahakama, na ya Waziri wa Mahakama inaisubiri ya Waziri wa Polisi, na hakuna itakayoanza. Uwanja ukacheka, maana hilo kila mtu alikuwa analijua. Mkuki kwa nguruwe mtamu: manaibu waliokuwa wakipiga makofi wakubwa wao wakibebwa walianza kutafuta njia ya kutokea majina yao yalipofikiwa.

Mtukufu alikuwa amechangamka kwa namna ambayo sijapata kumwona. Miaka yote ile alikuwa akizindua, na kumbe utamu ulikuwa kwenye kuondoa. Alikuwa hasomi tena hadi mwisho. Maandishi yakitokea tu, kidole kinashuka.

Ndipo skrini ikaandika maandishi marefu:

PROGRAMU KUBWA, MTUKUFU KIONGOZI, HAIWEZI KUSIMAMA JUU YA ZILIZOBAKI. INASHAURIWA KUFUTA ZOTE, PAMOJA NA MTUKUFU KIONGOZI, NA KUANZA UPYA. NDIYO / HAPANA.

"Mtukufu," Nambua akasema, "hii ni ndefu kidogo. Nakuomba uisome hadi mwisho. Nimeonya."

"Nimesoma vya kutosha leo, Daktari. Mbuzi anapoa."

Akabonyeza.

Skrini ikawa nyeupe. Kila mmoja alikuwa akisubiri mwingine aelewe kwanza. Aliyeelewa wa kwanza ni afisa itifaki, yule yule wa simu ya bwawani. Huyu hakuwa mtu mbaya wala mzuri. Alikuwa anajua itifaki, basi. Alitembea taratibu hadi kwenye kiti cha enzi, akainama.

"Mzee," akasema, na neno hilo lilisikika uwanja mzima kwa sababu halijawahi kutumika pale, "gari lako la zamani liko mlango wa nyuma."

Mtukufu akamtafuta Nambua kwa macho. "Nini kimebaki?" akamuuliza.

"Mashine, mzee. Iko safi kabisa."

*

Uwanja ulipokwisha kuwa mtupu, Nambua alivuta kiti cha plastiki, akaondoa mashada ya maua juu ya kompyuta, akaanza. Aliziweka zile ndogo kwanza, kisha zinazosimama juu ya hizo, kisha kubwa juu ya zote, kila moja kwa toleo linaloelewana na jirani yake na kwa jina lake la asili. Hakuna aliyehutubia. Muuza chai alikuwa amebaki na chupa yake, akatumiminia vikombe viwili, na programu ikawa inafanya kazi kabla cha kwangu hakijapoa.

Nchi ilikaa bila serikali kwa muda, na nasikitika kusema kwamba waliogundua mapema ni wenye maturubai peke yao. Mimi nilikosa kazi. Nambua akanichukua Idara ya Mito, kipaza sauti changu na mimi, niwe natangazia watu wa bondeni kila programu inaposema maji yanakuja.

Asubuhi moja ya masika nilikuwa ofisini kwake kuchukua tangazo. Mvua ilikuwa imepiga milimani siku tatu mfululizo. Alikuwa ameniandikia sehemu zitakazofikiwa, na ya kwanza ilikuwa Kwa Mshale, penye yale majumba matatu na hakuna mtu mwingine tena. Mlango ukabishwa. Akaingia Bakilana Tunguu, amevaa suti yake ya uwaziri, imelegea mabegani. Alisubiri kukaribishwa kiti. Nambua hakumkaribisha.

"Daktari," akasema, "mimi si mtu wa kuzunguka. Nimeambiwa na wataalamu kwamba kitu kikiondolewa kwenye kompyuta kinaweza kurudishwa. Ni kubonyeza tu."

"Ni kweli. Ni kubonyeza tu."

"Basi nirudishe. Nitakubali hata toleo la nane." Akajaribu kucheka. "Yaliyopita si ndwele, mwanangu."

Nambua aliweka kalamu chini. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Cha kwenye mashine kinarudi, mzee Tunguu. Hata ukikifuta mara mia, kinarudi. Ndiyo sababu ninyi niliwafuta kwenye mashine tu. Mama yangu alikuwa Kwa Mshale, na yeye harudi."

Nilidhani Tunguu ataomba radhi. Nadhani naye alidhani hivyo. Lakini mtu ambaye hajawahi kuomba radhi hajui inaanzia neno gani, akabaki anazungusha kofia yake mikononi.

"Kwa kuwa umekuja," Nambua akaendelea, "nikuonye uso kwa uso, usisikie kwa kipaza sauti. Maji yatafika kizingitini kwako leo jioni, kabla taa hazijawashwa. Usiku yatafika madirishani. Sasa hivi ni asubuhi. Unao muda wa kutosha kutoka wewe, mkeo, na chochote unachokipenda. Sisi hatukupewa huo."

Tunguu alitazama saa yake, akatazama dirishani, akanitazama hata mimi.

"Vitu vyangu ni vingi," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. "Na watumishi wamekimbia wote. Daktari, nitapata wapi watu wa kunisaidia kubeba?"

Nambua alikuwa ameshaishika tena kalamu.

"Zamani Kwa Mshale palikuwa na vijana wengi wenye nguvu," akasema. "Wangekubebea."

Akanikabidhi tangazo, nami nikachukua kipaza sauti changu nikaenda kutangaza.